Macho Mawili kwa Siku Moja

Wanawake watatu wazee wa Marekani, mdogo wao akiwa na miaka 72 na mkubwa 88, waliingia kwa nyakati tofauti katika kliniki moja ya jimbo la Florida mwaka 2015. Walikuwa na ugonjwa wa kuchakaa kwa makula, lile doa dogo la katikati ya retina tunalotumia kusoma na kutambua sura za watu. Uoni wao ulikuwa umepungua, lakini walikuwa wanaona. Kati ya macho yao sita, lililokuwa bora lilisoma karibu mistari yote ya ubao wa herufi, na lililokuwa baya kuliko yote lilibaki na ile herufi kubwa ya juu. Kila mmoja alilipa dola 5,000. Wahudumu wakamfyonza mafuta kidogo tumboni, wakamtoa na damu. Mafuta wakayatia vimeng'enya ili watenge kile walichokiita seli shina, wakachanganya na sehemu ya ile damu, wakamdunga mchanganyiko huo ndani ya jicho. Shughuli nzima haikufika saa moja. Na kila mmoja alidungwa macho yote mawili siku ile ile.

Haikupita wiki. Retina zilibanduka, damu ikavuja ndani ya macho, presha ya macho ikapanda. Mwaka mmoja baadaye, jicho lililokuwa na nafuu kati ya yale sita lilikuwa linaona herufi kubwa ya juu tu. Lililoumia zaidi halikuweza kutambua hata mwanga.

Madaktari waliokiandika kisa hiki, wakiwemo Thomas Albini wa taasisi ya macho ya Bascom Palmer huko Miami na Jeffrey Goldberg wa Chuo Kikuu cha Stanford, walikichapisha Machi 2017. Mimi nilikisoma kwa kuchelewa, na nilikisoma nikiwa na jasho, kwa sababu siku chache kabla yake nilikuwa nimejaza fomu ya kumpeleka mama yangu mdogo kwenye kliniki ya namna hiyo nje ya nchi.

Mama mdogo anaishi Usa River, upande wa Arusha, na anafuga ng'ombe wawili wa maziwa. Dalili ya kwanza aliitaja mwenyewe, sebuleni kwake, watu tukinywa chai. Alisema fremu ya mlango wa jikoni imepinda. Tulicheka. Mjomba akasema fundi wa nyumba ile alikuwa mlevi, na kweli alikuwa mlevi, basi mazungumzo yakahamia kwa fundi. Miezi kadhaa baadaye akaanza kumimina chai nje ya kikombe. Tulipomfikisha hospitali, jicho la kushoto lilikuwa limeshaota mishipa myembamba chini ya retina, ikavuja, ikaacha kovu. La kulia lilikuwa na ugonjwa ule ule katika hali yake ya polepole, ile wanayoiita kavu. Daktari alitueleza bila kuzungukazunguka kwamba kovu la kushoto halitaondoka, na kwamba hana dawa ya kurudisha kilichokwisha kupotea. Angeweza kulilinda la kulia kwa kulifuatilia, basi.

Ukiambiwa hivyo kuhusu mtu aliyekulea, akili inatafuta mlango mwingine. Kwangu mlango ulikuja kwenye simu. Binamu yangu alinitumia video ya mzee aliyevuliwa bandeji akalia kwa furaha, na chini yake maelezo ya kliniki inayotibu retina kwa seli shina, "zako mwenyewe, hakuna madhara." Nilipiga namba ile. Swali langu la kwanza lilikuwa bei. La pili lilikuwa kama wanapokea malipo kwa awamu. Sikuuliza kitu kingine chochote, na mimi ni mtu ninayeuliza maswali matano kabla ya kununua pampu ya maji.

Sasa twende kwa yale ambayo wale wanawake hawakuyaona, na mimi sikuyaona, ingawa yalikuwa mbele ya macho yetu.

Jarida lililochapisha kisa cha Florida ni New England Journal of Medicine, toleo la tarehe 16 Machi 2017. Ukifungua toleo hilo hilo, makala inayotangulia mara moja kabla ya ile ya Florida inahusu mwanamke mwingine mzee mwenye ugonjwa wa makula, huyu akiwa Kobe, Japani. Naye aliwekewa jichoni seli zilizotokana na mwili wake mwenyewe. Sijui kama wahariri waliziweka jirani kwa makusudi, lakini aliyezisoma zote mbili kwa mkupuo mmoja hawezi kudanganyika tena kwa urahisi.

Nyuma ya retina kuna tabaka la seli zenye rangi ya giza, nene kiasi cha seli moja tu. Madaktari huliita kwa kifupi RPE. Kazi yake ni ya yaya na mfagiaji kwa pamoja: hulisha chembe zinazopokea mwanga, na kila siku humeza mabaki ambayo chembe hizo huyatupa. Tabaka hilo likichakaa, chembe za mwanga zilizo juu yake hufa kwa njaa na uchafu. Ndiyo maana watafiti wa kweli wa ugonjwa huu hawahangaiki na mafuta ya tumbo. Wanatengeneza RPE yenyewe.

Huko Kobe, Daktari Masayo Takahashi na wenzake wa taasisi ya RIKEN walichukua seli za ngozi za mgonjwa wao. Wakazirudisha utotoni kwa njia aliyoigundua Shinya Yamanaka wa Kyoto, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2012, kisha wakazilea pole pole mpaka zikawa seli za RPE zilizoshikamana kama kitambaa. Kazi hiyo iliwachukua miezi mingi. Wakapima, wakapima tena. Tarehe 12 Septemba 2014 wakaweka kipande kimoja, cha milimita 1.3 kwa 3, katika jicho moja. Jicho moja tu. Mwaka mmoja baadaye walitoa taarifa ambayo mfanyabiashara asingethubutu kuitoa: uoni wa mgonjwa haukuwa mbaya zaidi, wala haukuwa bora zaidi.

Halafu kuna mgonjwa wa pili wa Kobe, na huyu ndiye ninayemfikiria mara nyingi kuliko wa kwanza. Seli zake zilikuwa tayari. Zilitoka mwilini mwake mwenyewe kama za mwenzake. Vipimo vikaonyesha kwamba wakati wa kulelewa zimepata mabadiliko katika vinasaba. Hakuna aliyejua kwa hakika kama mabadiliko hayo yangemdhuru. Hawakumwekea. Walisimamisha upasuaji, dunia nzima ikiwatazama, na gazeti gani lisingependa kuandika kwamba Japani imefaulu mara ya pili?

"Zako mwenyewe, hakuna madhara." Yule wa Kobe zilikuwa zake mwenyewe, na waliozilea wakazikataa.

Baada ya hapo Wajapani walibadili mwendo. Kumtengenezea kila mgonjwa seli zake ni ghali mno na ni kazi ya muda mrefu. Machi 2017 walianza kutumia seli zilizotokana na mtu mwingine, zilizokuwa zimehifadhiwa Kyoto na kuchaguliwa zilingane na kinga ya mgonjwa. Wengine Marekani na Israeli walikuwa wanaelekea huko huko: kulea kundi kubwa la seli za RPE kwa mara moja, kulipima lote, kuligandisha katika vichupa vidogo, na kutoa kichupa siku mgonjwa anapohitaji.

Nilipomweleza mama mdogo jambo hili nilitegemea kuchukua jioni nzima. Ilichukua dakika mbili, kwa kuwa ng'ombe wake wawili wametokana na mtungi.

Wafugaji wa Usa River wanaujua mtungi huo vizuri. Kituo cha taifa cha uhimilishaji kiko pale pale kwao. Ng'ombe akiwa kwenye joto, mtaalamu anakuja na pikipiki, mtungi wa naitrojeni umefungwa nyuma kwa mpira. Anafungua kifuniko, ukungu mweupe unamwagika chini kama maziwa yaliyofurika sufuriani. Anaingiza koleo, anatoa mrija mwembamba kuliko wa kunywea soda, anasoma maandishi yake kwa haraka, anautumbukiza kwenye chupa ya chai yenye maji ya uvuguvugu. Hapo anaangalia saa. Sekunde zinahesabiwa. Akimaliza anaufuta mrija mpaka ukauke, maana tone la maji likiingia linaharibu mbegu.

Kanuni ni hiyo hiyo kwa seli za jicho. Naitrojeni ya kimiminika ina ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri, na katika ubaridi huo uhai unasimama kama saa iliyoondolewa betri. Hatari iko njiani, kwenda na kurudi. Maji yaliyo ndani ya seli yakiganda ovyo hufanya chembe za barafu zenye makali, na makali hayo hutoboa seli. Mwaka 1949 huko Uingereza, Christopher Polge na wenzake waligundua kwamba mbegu za jogoo zikichanganywa na glisirini huvumilia kuganda. Ni glisirini hiyo hiyo tunayopaka midomo wakati wa baridi. Kwa seli za RPE kwa kawaida hutumika kemikali nyingine, DMSO, na ubaridi hushushwa taratibu, karibu nyuzi moja kila dakika. Wakati wa kuyeyusha ni kinyume: haraka, kwenye joto la mwili, na DMSO isiachwe ikae na seli zilizopata moto, kwa sababu ile iliyozilinda kwenye baridi huzidhuru kwenye joto.

Kuna ugumu mwingine ambao mbegu za ng'ombe hazina. Mbegu kazi yake ni kuogelea. Seli ya RPE kazi yake ni kukaa mahali, imeshikana na jirani zake. Baada ya kuyeyusha, fundi wa maabara huchukua tone, akaliwekea rangi ya buluu, akatazama kwenye hadubini. Seli iliyokufa huinywa ile rangi, iliyo hai huikataa. Ni kipimo kizuri, lakini hakitoshi. Seli inaweza kuikataa rangi, ikaonekana hai kabisa, na ikiwekwa mahali pake isishike, ikafa baada ya muda. Kwa hiyo wanasubiri waone kama zitashika, kama zitatandaza safu, kama zitarudia kazi yao ya kumeza mabaki. Watafiti wa California waliotengeneza kiraka cha RPE juu ya utando mwembamba wa milimita 3.5 kwa 6.25 walichapisha mwaka 2021 namna ya kukigandisha kiraka kizima, seli zikiwa zimeshikamana hivyo hivyo juu ya utando wake. Kabla ya hapo kiraka kilikuwa kama mkate wa moto: kikitoka lazima kitumike, mgonjwa awe tayari, mpasuaji awe tayari, na matokeo ya baadhi ya vipimo yalikuwa hatarini kuja baada ya mgonjwa kushonwa.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Watu husifu kugandisha kwa sababu ya urahisi, kwamba dawa inakaa tayari kama soda kwenye friji. Mimi naona faida yake kubwa ni kwamba kunampa mtu muda wa kuuliza. Kundi moja la vichupa likigandishwa, unaweza kuyeyusha vichache ukavitesa kwa vipimo vyote, na vingine vikakungoja. Kipimo cha kawaida cha kujua kama dawa ya sindano ina vijidudu huchukua siku 14. Vinasaba vinachukua muda wake pia. Mtungi unasubiri bila kulalamika.

Kule Florida hakukuwa na mtungi wala kusubiri. Mafuta yalitoka tumboni na kuingia jichoni ndani ya saa moja. Hakuna kipimo cha siku 14 kinachoingia ndani ya saa moja. Hiyo peke yake ilitosha kumwinua mtu kitini, lakini ni nani anayefanya hesabu hiyo akiwa amevaa gauni la wagonjwa?

Niendelee na dalili nyingine, ndugu msomaji, na nitazisema kwa utaratibu ule ule zilivyonipita mimi.

Pesa. Wale wanawake waliambiwa, au walielewa, kwamba wanaingia kwenye utafiti, na bado wakalipa. Mtafiti anayejaribu kitu kwenye mwili wako ndiye mwenye deni kwako. Majaribio ya kweli kwa kawaida hayamtozi mgonjwa kile kinachojaribiwa, na mengine hulipa hata nauli. Mimi niliposikia bei kubwa nilipata imani zaidi. Nilijiambia kitu cha bei hii hakiwezi kuwa cha uongo. Haya ndiyo tunayofanya tukiwa na hofu, tunapima ukweli kwa uzito wa mfuko.

Orodha. Wawili kati ya wale watatu walipata habari za matibabu hayo katika tovuti ya serikali ya Marekani inayoorodhesha majaribio ya tiba duniani, ClinicalTrials.gov. Jina la utafiti lilikuwepo, limeandikwa kwa lugha ya kisomi. Lakini tovuti hiyo ni daftari. Anayejiandikisha ni mwenye utafiti mwenyewe, na kuwemo humo si muhuri kwamba serikali imekagua na kuridhia. Mwanasheria rafiki yangu, ambaye hukagua hati za viwanja mpaka alama ya nukta, alikuwa wa kwanza kuniambia kwamba kliniki iliyo kwenye tovuti ya serikali "haiwezi kuwa ya mchezo." Hata yeye.

Fomu ya ridhaa. Karatasi walizopewa wale wanawake kuzisoma na kutia saini hazikutaja utafiti wowote. Tovuti ilisema utafiti, karatasi zikanyamaza. Mtu akikuuzia ng'ombe sokoni kwa jina moja na stakabadhi ikaandikwa jina lingine, utasimama. Karatasi ya hospitali tunatia saini tukiwa tumeinamisha kichwa, nesi akituonyesha kwa kidole mahali pa kuandika.

Na macho mawili. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu dalili hii haihitaji elimu yoyote. Hata upasuaji wa mtoto wa jicho, ambao hufanywa kila siku katika hospitali zetu na unajulikana matokeo yake, kwa kawaida hufanywa jicho moja kwanza. Daktari anangoja aone la kwanza limeponaje. Mama zetu wanalijua hili, utasikia mtu akisema, "Nimefanya la kulia, la kushoto baada ya Pasaka." Wale wa California waliojaribu kiraka chao walianza na jicho moja, tena lile lililo bovu zaidi, ili likiharibika mgonjwa asipoteze kikubwa. Sasa mtu anakuletea kitu ambacho hakijathibitishwa, na anataka kukiweka katika macho yote mawili leo leo. Anaokoa muda wa nani? Kama wale wanawake wangedungwa jicho moja moja, kila mmoja angebaki na jingine. Fikiria hilo: kosa la dawa lilikuwa kubwa, lakini kilichowapeleka gizani ni haraka.

Mimi fomu niliyojaza ilikuwa na kisanduku: kulia, kushoto, yote. Niliweka alama kwenye "yote", kwa kuwa bei ya yote ilikuwa na punguzo.

Nisije nikaonekana ninauabudu mtungi. Wikiendi ya tarehe 4 Machi 2018, matangi mawili ya naitrojeni yalipata hitilafu nchini Marekani, moja San Francisco na lingine karibu na Cleveland, katika vituo viwili tofauti visivyohusiana. Humo mlikuwa na mayai ya uzazi na viinitete, maelfu, vya familia zilizokuwa zinasubiri watoto. Kule Cleveland hospitali ilikuja kukiri kwamba tangi lilikuwa na matatizo tangu wiki kadhaa nyuma, na kwamba kengele iliyotakiwa kuwashtua wahusika wakiwa nyumbani ilikuwa imezimwa.  Ilionekana ilikuwa imezimwa kwa muda, na hospitali haikujua ni nani aliyeizima. Mtaalamu wa Usa River ana fimbo anayoichomeka mtungini kupima kina cha naitrojeni. Mama mdogo aliwahi kupoteza mizunguko miwili ya ng'ombe mfululizo, mpaka ikagundulika mtungi wa kijana aliyekuwa anamhudumia ulikuwa umekauka siku fulani kisha ukajazwa tena kimya kimya. Mirija ilionekana mizima. Mbegu iliyokufa na iliyo hai, kwa macho, ni zile zile.

Ile kliniki ya Florida iliacha kudunga macho, lakini iliendelea na mafuta yake kwa magonjwa mengine. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliipeleka mahakamani mwaka 2018. Utetezi ulikuwa ule ule, kwamba seli za mtu mwenyewe si dawa, kwa hiyo haziihusu serikali. Juni 2019 jaji akaukataa, na rufaa nayo ikagonga mwamba mwaka 2021. Sheria ilifika. Ilifika miaka minne baada ya yale macho sita.

Tiba za RPE zilizogandishwa, zile za kweli, bado ziko kwenye majaribio. Kampuni moja iliyoanzia Israeli ilijaribu seli zake kwa wagonjwa 24, na katikati ya majaribio hayo ikabadilisha utaratibu kutoka kwenye seli za kuandaliwa siku ya kabla ya upasuaji kwenda kwenye kichupa kinachoyeyushwa na kutumika hapo hapo. Wanaendelea, pole pole. Mwendo wao unaudhi ukiwa na mgonjwa nyumbani. Nimejifunza kuutazama mwendo huo kwa heshima, ingawa siwezi kusema nimeuzoea.

Nilikwenda Usa River kumweleza mama mdogo kwamba nimeifuta ile safari. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilimsimulia habari ya Florida, nikamsimulia na ya Kobe. Alikuwa anakamua, mimi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aliendelea kukamua muda mrefu bila kusema kitu.

"Kumbe ile mbegu ya mtungini ina jina la dume kwenye mrija," akasema hatimaye.

"Ndiyo mama."

"Na haya mafuta yangu, mwanangu, wangeyaandika nini?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nishike ndoo ya maziwa isimwagike.

Yule daktari wa mwanzo, ambaye nilikuwa nimemwona hana msaada, alikuwa ametupa karatasi siku ile ya kwanza. Karatasi ya miraba, kama ya daftari la hesabu, ina nukta nyeusi katikati. Alisema alifunike jicho la kushoto kila asubuhi, aitazame nukta kwa la kulia, na aangalie kama mistari imenyooka. Ikianza kupinda, aje upesi, kwa sababu hali kavu inaweza kugeuka ikawa ya kuvuja, na ile ya kuvuja ina sindano inayoizuia ikiwahiwa. Karatasi hiyo ilikaa kwenye mfuko wa koti langu miezi yote niliyokuwa nashughulika na video. Niliitoa jioni ile ile, ikiwa imekunjika mara nne, tukaibandika kwa gundi kwenye mlango wa kabati la vyombo, usawa wa macho yake.

Mwaka huu, mwezi wa tano, alinipigia simu kabla ya saa moja asubuhi.

"Ule mstari wa pili kutoka ukingoni umejikunja."

"Tangu lini, mama?"

"Jana ulikuwa umenyooka. Leo umejikunja kama fremu ya mlango."

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu tulikuwa kwenye benchi la kliniki ya macho, watu wawili mbele yetu. Alikuwa ameibandua karatasi kabatini na kuja nayo, na mahali penyewe alikuwa amepazungushia kalamu.